Mzee Gelasius, dereva anayewaficha watoto kwa uongo mkubwa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, yadi ya mabasi kusini mwa Scarborough, mjini Toronto, bado ina giza, na Gelasius Mutabuzi anagombana na theluji. Anaikwangua kwenye kioo cha basi dogo la njano huku akiitukana kwa Kihaya, lugha ambayo anaamini theluji ya Kanada haijajifunza kuijibu.

"Hii ya leo ni changa," anasema, akipuliza vidole. "Mwaka 2008 ilianguka mpaka nikaendesha juu ya mapaa ya nyumba, Crescent Town hadi Thorncliffe Park. Nikasimama mbele ya antena ya televisheni nikidhani ni alama ya barabarani. Mwenye nyumba akanipa chai kupitia dirisha la darini."

Anayetaka kuamini na aamini. Dereva mwenzake anayepita na ndoo ya chumvi ya barabarani hata hageuki. Hadithi hiyo ameisikia mara nyingi, na kila mara chai inaongezewa kitafunwa.

Ni Februari 2017. Mzee Gelasius ana miaka sitini na minne, tumbo la kiasi, na kofia ya sufu aliyofumiwa na mkewe Josephine, yenye masikio marefu kuliko ya mbuzi. Kwa miaka kumi na mitatu amekuwa akiwabeba watoto wa shule ambao halmashauri ya shule imeamua wasipande basi la kawaida. Yumo wa kiti cha magurudumu, yumo mwenye kifafa, na yumo anayelelewa na familia isiyo yake. Wamo wengine pia ambao ukimuuliza sababu ya kubebwa kwao atakupa sababu nne, zote za uongo.

Mshahara wake ni dola kumi na sita kwa saa, za asubuhi na za mchana tu. Katikati hapo hukaa ndani ya basi akila maandazi baridi na kusikiliza redio. Julai na Agosti shule hufungwa, na mshahara nao huenda likizo. "Hapo namgeukia Josephine," anasema. "Yeye ndiye halmashauri yangu ya kiangazi."

Josephine hufanya kazi jikoni katika nyumba ya kutunzia wazee. Ndiye aliyemtangulia Toronto mwaka 1999, na ndiye aliyemtuma kwenye usaili wa udereva baada ya kumchoka nyumbani. Huko Bukoba, Gelasius alikuwa dereva wa lori la kahawa la chama cha ushirika. Ukitaka kujua lori hilo liliwahi kubeba nini zaidi ya kahawa, tenga siku nzima.

Kabla ya kuwasha injini, mzee anafungua kwa ufunguo kisanduku kidogo cha chuma kilichofungwa chini ya kiti chake. Anatoa karatasi moja, anaisoma, anairudisha, anafunga. Kwenye karatasi hiyo kuna majina ya kwanza ya watoto, vituo vyao, dawa zao, na watu walioruhusiwa na wasioruhusiwa kuwapokea. Ijumaa jioni inarudi ofisini, na hapo inatiwa kwenye mashine ya kukatakata karatasi mbele ya macho yake.

Haikuwa hivyo zamani. Alipoanza, mwaka 2004, karatasi ya njia ilibandikwa mbele ya dereva, juu ya usukani, ili dereva wa zamu asipotee. Majina yote matatu, namba ya nyumba, ugonjwa, na pembeni maneno kama "baba asikabidhiwe." Basi likisimama kwenye taa nyekundu, anayevuka barabara angeweza kuyasoma yote hayo huku akinywa kahawa yake.

"Hakuna aliyekuwa na nia mbaya," anasema Nilofar, msimamizi wa usafiri, mwanamke mwembamba ambaye sauti yake madereva wanaijua kwenye redio kuliko sura yake. "Tuliogopa mtoto kupotea. Hatukufikiria kwamba kuna watoto ambao hatari yao ni kupatikana."

Utaratibu ulipobadilishwa, Nilofar aliwaita madereva wote darasani, akawakalisha kwenye viti vya watoto wa darasa la kwanza, magoti yamegusa videvu. Sheria aliyowapa ilikuwa fupi: anayehitaji kujua ili amsaidie mtoto leo, ajue. Mwingine yeyote, hata awe mwema namna gani, asijue.

Kisha akaongeza jambo lililomkaa Gelasius kichwani. Mtu akikuuliza habari za mtoto, ukamjibu kwamba huruhusiwi kusema, umeshamwambia kwamba mtoto huyo unaye.

Hapo mzee aliona shida ambayo Nilofar hakuiona. Yeye anaishi na watu wa kwao. Kwenye misa ya Kiswahili, kwenye harusi, msibani, kila mtu ni shangazi wa mtu. Watakusalimia, watakuuliza, na usipojibu umewavunjia heshima. Nani atamwambia mama mtu mzima, aliyekupakulia pilau, kwamba swali lake halina majibu?

"Nikajiambia, kunyamaza sitaweza, sikuzaliwa nako," anasema. "Basi nitasema, niseme mpaka wachoke wao."

Ndivyo uongo wake ulivyopata kazi ya kudumu. Ukimuuliza yule mtoto wa ghorofa ya tisa ana nini, atakwambia ni balozi mdogo wa Greenland, anakuja kujifunza joto. Ukimuuliza kwa nini basi lilisimama mbele ya jengo fulani, atakwambia kuna yai la kuchemsha lililosahauliwa chini ya kiti, hita ikalitamia, likaangua kifaranga, na ilibidi kifaranga ashushwe kwao. Watu hucheka, wakasahau walichouliza.

Nilofar mwenyewe hakupona. Siku Gelasius akichelewa, redio hutangaza kwamba rakuni watano, wale wanyama wa jalalani wenye mikia ya miraba, wamepanga foleni kituoni na mikoba mgongoni, wanadai wameandikishwa shule. "Nilikuwa naandika tu: foleni barabarani," anasema Nilofar.

Sifa zikaenea. Ikaonekana ni hasara kipaji hicho kubaki na rakuni peke yao, mzee akakabidhiwa maikrofoni. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na harusi ya Mtanzania upande wa mashariki wa Toronto ambayo Gelasius hakuwa mshereheshaji wake. Alivaa suti ya rangi ya maziwa, akawapatanisha wakwe kwa vichekesho, na hata waliokuja kwa hasira waliondoka wamebeba vyombo vya pilau.

Kisha ikaja Desemba 2011.

Yanayofuata yanaandikwa kwa ruhusa ya mama wa mtoto, iliyopitia kwa Nilofar, na mama huyo ameruhusu haya tu. Jina la binti halimo, umri wake umesogezwa, na koti lake jekundu huenda lilikuwa la kijani. Msomaji asihangaike kulitafuta.

Ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa moja Scarborough. Watu walikusanyika kusherehekea miaka hamsini ya Uhuru. Bendera zilikuwa za karatasi, mishikaki ya kweli. Gelasius alikuwa kwenye maikrofoni akieleza jinsi yeye mwenyewe, akiwa mtoto wa miaka minane, alivyoushikilia Mlima Kilimanjaro usitikisike wakati mwenge unapandishwa.

"Mhaya!" alimpigia kelele Clara kutoka kwenye meza ya vyakula. "Hata uongo wenu una digrii!"

Clara ni Muha wa Kigoma, mwenyekiti wa akina mama, na ndiye aliyempokea mlangoni mgeni wa siku hiyo. Alikuwa bwana mtanashati wa miaka arobaini hivi, koti zito, sauti ya upole. Alisema ametokea Kigoma wiki hiyo hiyo, amefuata damu yake. Ana binti hapa Toronto, mama mtu kakatisha mawasiliano, bibi kule nyumbani analia. Mkononi alishika mfuko wa dagaa, zawadi ya bibi kwa mjukuu, na mwingine akampa Clara.

Mtu katoka Kigoma na dagaa! Clara alimkumbatia kabla hajamaliza kueleza. Akampakulia, akamkalisha mezani kwa wazee. Na bwana yule aliposema amesikia binti yake hupanda basi dogo la njano la dereva Mtanzania, Clara aliona Mungu kaleta baraka nyumbani.

"Dereva ndiye yule mwenye suti ya maziwa!" alisema. "Shemeji Gelasius! Hebu weka chini hiyo maikrofoni, uje umfurahishe mtu."

Gelasius akaja. Meza nzima iligeuka kusikiliza, na za jirani nazo. Mgeni akatoa simu, akaonyesha picha ya mtoto mwenye pengo la meno ya mbele.

"Shikamoo mzee. Huyu unambeba. Nataka tu kujua anashukia wapi."

Mzee akavaa miwani, akaishika simu mbali, akaisogeza karibu. Pengo lile alilijua. Asubuhi ya jana yake tu lilimchekea kwenye kioo cha dereva, likamwuliza kwa Kiingereza iwapo rakuni wamefaulu mtihani. Na alijua jambo jingine, kwamba mtoto yule na mama yake walikuwa wakiishi kwenye nyumba ya hifadhi, kwa amri ya mahakama, na jina la mtu asiyetakiwa kuwakaribia lilikuwa kwenye karatasi ya kisanduku.

Kwa nini basi asiseme tu kwamba hamjui? Wengi wamemuuliza hivyo baadaye.

"Uongo mdogo siuwezi," anasema. "Nikisema simjui, macho yangu yatasema namjua. Uongo mkubwa ndio fani yangu, macho yangu yameuzoea."

Akamrudishia mgeni simu, akakohoa. "Huyu namjua sana!" alisema, na ukumbi mzima ukashusha pumzi. "Huyu ndiye aliyekaa kiti cha mbele siku ile tulipopita juu ya mapaa. Tulipofika kwenye antena aliniambia, babu, kata kushoto. Nikakata. Tukatokea Greenland. Balozi akatuandalia supu ya nyangumi, na kijiko chake kilikuwa kasia—"

Hakuna aliyecheka.

"Mzee," alisema mgeni taratibu, "nakuuliza jambo la damu."

"Damu ya nyangumi ilikuwa nyingi, ndiyo, baba. Tukaiogelea."

"Shemeji!" Clara alikuwa amesimama, mwiko mkononi. "Utani una mpaka wake! Mtu kavuka bahari kumtafuta mtoto!"

"Nami nilivuka, dada Clara, kwa basi, na petroli ilikuwa robo tanki."

Akaendelea hivyo hivyo mpaka mzee mmoja akamwambia aketi, asiaibishe Uhuru. Mgeni alisimama akavaa koti, akasema asante kwa chakula, akaondoka, na macho ya watu wote yakamsindikiza kwa huruma. Kisha yakarudi kwa Gelasius, na huruma haikurudi nayo.

Mzee alitoka nje kwenye maegesho, akapiga namba ya dharura ya ofisi.

"Gelasius," alisema Nilofar, "leo Jumamosi. Rakuni wangapi?"

"Nilofar, leo hakuna rakuni."

Nilofar anasema kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia akitamka sentensi isiyo na mnyama ndani yake. Alichukua kalamu. Mzee alieleza kila kitu kama anayesoma taarifa ya habari: sura, koti, picha, maneno, saa. Kabla ya jioni nyumba ya hifadhi ilikuwa imeshaarifiwa, na shule, na polisi. Yaliyompata yule bwana baadaye ni ya mahakama, hayamo humu.

Jumatatu, kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Gelasius aliwasha redio. "Nilofar, yule wa kiti cha mbele. Yuko salama?"

"Yuko salama."

"Kapelekwa wapi?"

"Gelasius," alisema Nilofar, "habebwi tena na wewe."

Mzee akaelewa. Sheria aliyofundishwa kwenye kile kiti cha darasa la kwanza ilikuwa imemfikia. Ili mtoto asaidiwe leo, yeye hakuhitaji kujua. Kwa hiyo hakuambiwa, na mpaka leo hajaambiwa. "Niliendesha hadi Crescent Town nikiwa nimekasirika," anasema. "Kufika Danforth nikaona ni haki. Kama mimi nimenyimwa, basi na yule hatapata."

Jamii haikuyajua hayo. Ilichojua ni kwamba mtu kafika na dagaa za bibi, na Gelasius kamcheka usoni. Harusi ya Februari ilichukua mshereheshaji kijana mwenye spika kubwa na vichekesho vya mtandaoni. Kanisani salamu zikawa fupi. Mama mmoja alihamisha pochi yake mzee alipokaa kando yake, kana kwamba roho mbaya inaiba.

Angeweza kujitetea kwa sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ilikuwa ndani ya kisanduku.

Hata Josephine hakumwambia. "Nimeishi na mwanaume huyu tangu kahawa ina bei," anasema Josephine akicheka. "Nilijua ana jambo kwa sababu alikula bila kuhadithia. Wiki nzima! Ugali ulikuwa unashuka kwa sauti. Nilimwambia, baba, kama kuna mwanamke niambie, angalau tutaongea."

"Nami nikakujibu nini?" mzee anamchokoza kutoka kwenye kochi.

"Ulijibu bila aibu! Ukasema yupo, ni nyangumi."

Aliyeufungua mlango wa ukweli alikuwa Clara, na aliufungua kwa jino. Mwezi Machi alikumbuka ule mfuko wa dagaa aliopewa. Akawakaanga kwa kitunguu na nyanya, akaketi kula kwa hamu ya mtu aliyezaliwa ufukweni mwa Tanganyika. Tonge la kwanza, kwaruu! Mchanga.

"Dagaa wa Kigoma hawana mchanga," anasema Clara, na hata leo sauti yake inapanda. "Wale walikuwa wa Mwanza! Wamejaa tele dukani kwa Anverali pale Thorncliffe. Mtu wa Kigoma hawezi kunidanganya mimi kwa dagaa wa Mwanza, labda awe hajui kwamba kuna tofauti. Kigoma hakuwa ametoka, na bibi hakutuma kitu."

Aliweka sahani chini na kuanza kuirudia siku ile kichwani, neno kwa neno. Hapo ndipo likamjia jambo lililomnyima usingizi kuliko mchanga.

"Nilimpokea mlangoni, nikamlisha, nikakaa naye saa nzima," anasema. "Mtu wetu akitafuta mtoto, ataanza: hajambo? Mzima? Amekua? Anasoma? Bado anapenda maziwa? Ndipo afike kwenye yuko wapi. Yule hakuuliza hata moja. Aliuliza anashukia wapi. Na mimi, mama mzima, nilimpakulia mara mbili."

Ukimuuliza Gelasius kama naye aliliona hilo, anaitikia kwa kichwa. Analo neno lake: mgeni yule aliruka salamu. Hata asingejua lolote la mahakama, anasema, hapo tu angemshuku.

Jumapili iliyofuata Clara alipanda basi mpaka kwa akina Mutabuzi, akiwa amekumbatia sufuria ya migebuka, samaki wa kwao Tanganyika, iliyofungwa kwa kitenge ili isipoe. Abiria walimpisha kwa sababu ya harufu. Gelasius alifungua mlango, wakatazamana.

"Shemeji, sikuulizi kitu," alisema Clara. "Kula."

"Dada Clara, ngoja nikueleze habari ya yule mtoto—"

"Usinieleze! Ole wako unieleze!"

"—kule Greenland."

Clara alimpiga kwa kile kitenge. Josephine anasema hapo ndipo alipomsikia mumewe akicheka kwa mara ya kwanza mwaka huo, na vijiko vikaongezwa.

Kwenye kikao cha maandalizi ya harusi ya Juni, Clara hakusimulia chochote. Alisema tu, "Yule Mhaya mwongo arudishiwe maikrofoni yake," akatazama huku na huku kuona nani atapinga. Hakuna aliyepinga. Wachache walimwangalia kwa mshangao, na yeye akawauliza kama migebuka wamekula.

Saa kumi na mbili na nusu sasa, na basi limepata joto. Mzee Gelasius anakaa kwenye usukani, anajaribu taa, anapangusa kioo cha ndani kinachomwonyesha kiti cha mbele. Siku hizi anakaa hapo mvulana mmoja. Tumeambiwa ni rubani mstaafu.

Juni shule zikifungwa, mzee atarudisha ufunguo wa kisanduku kwa Nilofar na kustaafu. Mpango wake si kurudi Bukoba mara moja. Anataka kubaki na harusi kwanza. Hawa waliokuwa watoto wakati anaanza kazi, anasema, ndio wanaooana sasa, na siku moja ukumbini, kati ya wageni, huenda akamwona binti mrefu ambaye meno yake yameshajaa.

Huenda hatamkumbuka dereva. Huenda atamkumbuka, aje mbele, aulize habari za rakuni.

"Nitaweka maikrofoni chini," anasema mzee, na safari hii hakuna mnyama kwenye sentensi yake. "Nitamwambia hujambo, mwanangu? Mzima? Mama hajambo? Umesoma? Umekula? Nitamuuliza yote, nimalize salamu zote ambazo hakuulizwa."

Anatia gia. Basi la njano linateleza kidogo kwenye theluji, linashika njia.

"Anakokaa," anasema, "sitamuuliza."